Gari la Twahiru

Nchi jirani zilipofunga mipaka mwaka 1996, spea zikaadimika Bujumbura. Twahiru, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi mwenye hasira za karibu, akaunda gari la kupanda milima kwa vipande: bodi ya jipu iliyooza, injini ya teksi, giaboksi na difu za lori. Nyuma akafunga benchi la kuwalaza wajawazito wa vijijini wakipelekwa hospitali. Siku lilipowaka tu, wanajeshi wakalichukua.

Baadaye luteni akalirudisha likivutwa kwa kamba. "Fundi, giaboksi imekufa. Tengeneza mbio."

Twahiru akafungua mlango wa nyuma. Chini ya benchi lake zilijaa ndala za watoto, wenyewe hawapo. Akairusha mtaroni spana aliyoishika.

"Apana! Haikufa, imekataa. Na mi nimekataa!"