Vidonge Vilivyoshiba Kabla ya Kazi

Asubuhi, jua halijakolea, Mama Magunzi anafungua mlango wa tanuri kwa kitambaa kilichoungua pembe zote. Anachungulia, kisha anaurudisha polepole kama mtu anayemwacha mtoto aendelee kulala.

"Bado," anasema. "Leo sina haraka. Haraka ilishatuaibisha mara moja."

Ndani kuna trei za vidonge vyeusi, vidogo kama mbaazi. Si dawa, ingawa wapita njia huomba vya kiuno. Ni magunzi ya mahindi yaliyochomwa yakawa mkaa, yakasagwa, yakakandwa kwa maji ya majivu na udongo kidogo wa mfinyanzi.

Kazi ya vidonge hivi ni kunasa hewa ukaa, ile inayotoka na moshi na kuzidisha joto duniani. Vikijaa, vinapashwa moto, vinaitoa, hewa inafungiwa kwenye mtungi, navyo vinarudi kazini. Hakuna kemikali kali ya kumwaga mtaroni.

Mama huyu alioka mikate miaka mingi mpaka kiwanda kikafungwa. Mkemia wa chuo cha jirani, mteja wake wa zamani, akamfuata nyumbani.

"Alinikuta nafua nguo za watu. Akaniuliza kama naweza kuoka kitu kisicholika. Nikamwambia, kaka, muulize mume wangu, atakwambia sijawahi kuoka kingine."

Akapewa chumba hiki cha chuo, zamani stoo ya viti vibovu. Magunzi anayafuata mwenyewe kwenye mashine za kupukuchulia mahindi, gunia begani. Ndipo jina lilipomganda.

Leo anarudi mwenye tanuru la matofali, mtu pekee aliyekubali vidonge vijaribiwe kwenye bomba lake la moshi. Akisema hapana, chumba kinarudishiwa viti vyake na Mama Magunzi anarudi kufua.

Wiki iliyopita alikuja, akaondoka bila kukubali wala kukataa. Kwa haraka, vidonge vilikuwa vimetolewa tanurini tangu jana yake, vikaachwa wazi mezani, pembeni ya jiko la gesi wanalochemshia chai. Madirisha yalifungwa kuzuia vumbi. Watu walikunywa chai, wakapiga soga, wakachemsha nyingine.

Jaribio lilipoanza, hewa ukaa iliingia kwenye bomba la majaribio lenye vidonge na kutoka kama mgeni asiyekaribishwa. Sindano ya kipimo cha hewa ukaa inayotoka haikushuka hata kidogo.

"Yule mzee aliitazama sindano, akanitazama mimi, akaaga kwa adabu," anakumbuka. "Ile adabu ndiyo iliyoniuma."

Mkemia alikagua bomba, akakagua kipimo, mwisho macho yakatua kwenye birika. Jiko la gesi linatoa hewa ukaa. Watu nao wanaitoa wakipumua.

"Dada," akamwambia, "hivi tumevilisha wenyewe."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Wote walikuwa wameshika vikombe.

Kwa hiyo leo birika limefungiwa kabatini. Mama Magunzi anavitoa vidonge vikiwa vya moto, anavimimina moja kwa moja kwenye mitungi ya kioo yenye vifuniko vya mpira, anafunga kwa nguvu zake zote.

"Hata wewe," anamwambia mkemia, "kapumulie huko mlangoni."

Mwenye matofali anafika, anakataa kiti. Vidonge vinamiminwa kwenye bomba la majaribio, hewa ukaa inafunguliwa. Sindano iko juu. Mama Magunzi anaukunja mkono wake wenye kovu la tanuri nyuma ya mgongo.

Sindano inatikisika. Inashuka. Inazidi kushuka, mpaka inakaribia kulala.

Mzee anainama kuitazama vizuri. "Mama, wiki iliyopita vilikuwa na nini?"

"Vilikuwa vimeshiba, mzee wangu."

"Na leo?"

"Leo vimeamka na njaa."

Mzee anacheka mpaka anakikumbuka kiti. Anataka aletewe debe zima, vifanye kazi kwenye bomba lake msimu wote wa kuchoma matofali. "Nataka nione kama vinachoka," anasema.

Mama Magunzi naye ana lake. Anaomba joto linalopotea pale kwenye tanuru litumike kukaushia vidonge, umeme upumzike. Na kazi ikikua, atawaita wenzake wawili wa kiwanda cha mikate, ambao mpaka leo hawana pa kushika.

"Mikono yao inajua tanuri," anasema. "Kilichobaki ni kuwafundisha jambo moja tu."

Anafungua kabati, anatoa birika na vikombe, kisha anawatangulia wote mlangoni.

"Chai, nje."