Marahaba ya Bibi

Sijawahi kusikia ukimya kama ule wa siku Bibi alipokataa kuitikia shikamoo.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Zahanati ya kijiji chetu, vilimani ng'ambo ya Ziwa Tlawi, ilikuwa na kitanda cha kujifungulia lakini haikuwa na mkunga. Mkurugenzi wa halmashauri aliyeondoka alikuwa amemhamishia mjini yule tuliyekuwa naye. Ndipo akaja mkurugenzi mpya, mwanamke aliyenizidi umri labda kwa mwaka mmoja, ameteuliwa juzi tu. Kwenye mkutano wa kijiji akapita akiwaamkia wazee waliokaa kwenye madawati ya shule.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akamtazama tu. Mimi, niliyefinywa masikio utotoni kwa kusahau kuwaamkia wakubwa, sikujua kwamba hata jibu linaweza kuzuiliwa.

"Bibi, mkurugenzi anakusalimia," mtendaji wa kijiji akanong'ona, jasho likimtoka.

"Nimemsikia, mimi si kiziwi. Marahaba yangu ataikuta hapa siku atakayoleta nesi. Aliyemtangulia nilimpa bure, akaondoka nayo pamoja na nesi wetu."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka mgeni ni nani, wakaziba midomo. Yeye hakukasirika. Akauliza kama kuna mjamzito, akaonyeshwa dada yangu, akamtazama kwa muda mrefu, akaandika kitu kwenye simu.

Wiki mbili baadaye mkunga akashuka kwenye pikipiki na begi lake na godoro. Siku zilipotimia, dada alijifungua mikononi mwake, asubuhi yenye ukungu. Nilisimama nje ya dirisha nikisikiliza kile kilio kidogo, nikistaajabu kwamba sahihi ya mtu mmoja inaweza kupanda milima yote hii na kufika ikiwa mikono yenye joto.

Mtoto hajatimiza mwezi, redio ikatangaza kwamba uteuzi wa mkurugenzi umetenguliwa. Sababu hatukuambiwa. Siku tatu baadaye akatokea uani kwetu, bila gari la serikali, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, bibi."

Bibi, ambaye magoti yamemgomea miaka mingi, akasimama.

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba sana." Akamshika mikono yote miwili, hakuiachia. "Na huyo mkurugenzi anayekuja, mkunga wetu atatuachia?"

Yule mwanamke akatazama tope la viatu vyake. "Sijui, bibi."

Bibi akaketi taratibu, akampakata mtoto.

"Basi mwambie aje kunisalimia."