Masudi, Ndugu Yangu wa Kuchanjia

Kila nikisimulia kisa hiki watu huniuliza kwanza umri wangu, basi nianze hapo. Nimezaliwa baada ya uhuru. Kitambulisho ninacho, na ukitaka kukiona nitakutolea, ila ukishazitazama nywele zangu na mikono yangu utasema nimeazima cha mwanangu. Mtoto sina. Yaliyonifika yalinifika kweli, hapa hapa Mombasa, jua likiwaka na watu wakipita na vikapu vyao. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele sitampa nafasi.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mchoraji wa mabango. Kwetu ni Rabai, lakini baba na mama walikwisha kufariki, nami nilikuwa mtoto wao wa pekee. Nikaja kisiwani na brashi zangu, nikapanga chumba nyuma ya Ndia Kuu. Nilichora vibao vya vinyozi na vya washonaji, na ukutani mwa mkahawa mmoja nilichora samaki ambaye watu walisema amefanana na mwenye mkahawa. Lakini kazi iliyonipa jina ni bango la video ya Hamadi.

Huyu Hamadi alikuwa rafiki yangu, na nikisema rafiki simaanishi mtu wa kusalimiana naye barazani. Nilipougua malaria ni yeye aliyeninywesha uji kwa kijiko. Tulikuwa hirimu moja, watu wa rika moja, tukivaa kanzu moja kwa zamu siku za sherehe. Alirithi nyumba ya babake, akaigeuza sebule kuwa chumba cha video: mbao za kukalia, televisheni moja, deki moja. Na filamu iliyowatia watu wazimu wakati ule ilikuwa ile ya mashujaa wasiokufa. Wanatafutana karne kwa karne, wanapigana mapanga juu ya mapaa na ndani ya mvua, wala hafi mtu ila akatwe kichwa. Kanda ilichezwa mpaka picha ikawa yatetemeka na sauti yazama, wala hapana aliyejali. Stelingi, yule shujaa mkuu, akifungua mdomo tu, chumba kizima kinamsemea maneno yake, kwa Kiingereza ambacho nusu yetu hatukukijua.

Siku moja alasiri nilikuwa nje juu ya ngazi, nampaka stelingi rangi mpya. Sauti ikasema chini yangu kwamba nikimwacha ashike upanga hivyo, atajikata vidole. Nikatazama. Kijana mrefu, kikoi safi, meno meupe, umri wangu au mdogo kidogo. Akanionyesha kwa fimbo ya mwavuli namna ya kuushika. Nikachora kama alivyonionyesha, na watu wote wakasema sasa bango limekuwa na uhai. Huyo ndiye Masudi.

Alikuwa mtazamaji wa kila siku, kiti cha nyuma kabisa. Penye kilio yeye alikuwa akicheka, polepole, kama mtu anayesikia uongo wa jirani yake. Lakini alikuwa mwema, sitamdhulumu. Alikuwa akiniletea halwa na kahawa, akinifundisha mambo ya kale ya mji: msikiti huu mlango wake ulikuwa upande wa pili, nyumba ile ilikuwa na kisima ukumbini. Tukiwauliza wazee, wazee wanashangaa, wanasema kweli, waliwasikia babu zao wakisema. Mimi nikadhani amesoma.

Sasa wewe ungemuuliza nini mtu kama huyo? Ungemuuliza yeye ni wa nani, sivyo? Mji wa Kale hilo ndilo swali la kwanza baada ya salamu. Wataka kununua sukari, waulizwa wewe ni wa nani. Mimi mtu wa Rabai nilikuwa nimeulizwa mpaka nimechoka, kila mara najiona nimesimamishwa mlangoni. Kwa hivyo Masudi nilimstahi. Nilijua uchungu wa swali lile, nikaona uungwana ni kutomuuliza. Niamini, adabu yangu ndiyo iliyoniponza.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Rukia, binti wa mshonaji wa kofia, msichana mwenye ulimi mwepesi ambaye alikuwa akipita chini ya ngazi yangu na kuniambia pua ya stelingi imepinda. Nilimpenda. Babake hakuwa na neno nami, ila ami yake aliniuliza mbele ya watu: nyuma yangu kuna nani? Siku ya harusi nani atakaa upande wangu? Nikikosana na mke, wataniita mimi na nani? Nilirudi chumbani nikalala bila kula.

Hamadi ndiye aliyeleta dawa. Alisema Masudi ana hamu ya kuwa ndugu yangu wa kuchanjia, atasimama nami harusini na baadaye. Undugu ule masheikh hawaupendi, lakini kwetu ulikuwa kitu kizito. Babu yangu alichanjiana na mtu wa kabila jingine na wazao wao hawaoani mpaka leo. Mnachanjana kifuani, damu yako inatiwa kwenye kipande cha ini la kuchoma, ndugu anakila, nawe unakula chenye damu yake. Wa tatu anashika upanga juu ya vichwa vyenu, ananoa kisu juu yake huku akitaja masharti na laana za atakayeyavunja. Hamadi alisema yeye mwenyewe atanoa. Nilimkumbatia. Wallahi nilimkumbatia.

Tulifanya sebuleni kwake siku ya Ijumaa baada ya sala, video ikiwa imefungwa. Upanga aliuleta Masudi, mkongwe, mpini umelika. Hamadi akasimama juu yetu akaanza. Mali yako ni yake, na yake ni yako. Nyumba yako ni yake, na yake ni yako. Kila neno lilikwenda likarudi, ndivyo inavyotakiwa, maana undugu ni wa pande mbili. Halafu Masudi akamtazama Hamadi, na Hamadi akasema, "Siku zako ni zake."

Nikangoja lirudi. Halikurudi. Hamadi alikwisha kuingia kwenye laana, anazisema mbiombio, kisu kinalia juu ya upanga. Nilidhani ni neno walilolitoa kwenye filamu wanichekeshe, nikacheka kidogo. Ini nikalila. Lilikuwa na chumvi nyingi.

Kabla ya mwezi kuandama nilianza kuchoka. Ngazi niliyokuwa nikiipanda kama paka ikawa yanitoa jasho. Kinyozi akanitania kwamba posa imenitia mvi, na kweli, zilikuwa zimejaa pembeni. Jino likatoka nikila muhogo, bila maumivu. Hospitali walinipima damu, mkojo, kifua, wakaniambia sina ugonjwa. Daktari mmoja aliniuliza nina wajukuu wangapi, akadhani nafanya mzaha nilipokasirika.

Na wakati huohuo Hamadi alikuwa akinawiri. Hapo nyuma, sikukwambia, alikuwa mtu wa kulalamikia magoti, na kichwa chake alikuwa akikipaka piko kila wiki. Nilikuwa nikimcheka, namwambia kijana gani apakaye rangi nywele kama bibi harusi wa pili. Sasa piko ameiacha, na mvi alizonazo haziongezeki. Anapanda ngazi mbili mbili. Nilifurahi kwa ajili yake, mjinga mimi.

Siku moja baada ya sala ya magharibi nilikaa kupumzika kwenye bustani iliyo mbele ya Ngome ya Yesu, nimeshindwa kufika nyumbani. Masudi akaja akaketi kando yangu. Uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyeogeshwa. Nikamwambia ndugu yangu, naona nakufa, nishike mkono twende. Hakunishika. Aliniuliza kama nimeelewa sasa.

Sikuelewa. Ndipo akaniambia, kwa upole uleule wa kuniletea halwa.

"Mwatazama ile video mwaona watu wasokufa wapigana. Upuzi mtupu. Atakaye kuishi hatafuti adui, yakhe. Atafuta ndugu."

Nikamuuliza ana miaka mingapi. Akaitazama ngome, akasema alipokuwa mdogo walikuwa wakibeba mawe ya kuijengea. Nikajisogeza mbali naye. Akaendelea kusema kwamba hanichukii, kwamba mimi ni katika wale aliowapenda, na kwamba iko njia ya kutoka. Nimletee mwingine, nishike mimi upanga, ninoe mimi kisu, nitaje mimi sharti lile. Akimpata huyo ataniacha nibaki na siku zangu zilizobaki.

"Hamadi naye alikuwa nduguyo?" nikamuuliza.

"Miezi miwili. Kisha akaniletea wewe."

Sikumbuki nilivyofika kwa Hamadi. Nakumbuka kizingiti chake, na kwamba nilikishika kwa mikono miwili. Alikuwa anazungusha kanda. Aliponiona alijua, akaketi. Nilingoja akane. Unaona mtu anavyoweza kuwa? Hata wakati ule nilikuwa tayari kumwamini kama angekana. Nilitaka aseme Masudi ni mwongo, nimrudishie urafiki wake, nikalale.

Hakukana. Alisema mkewe ana mimba, naye alikuwa amekwisha kuanza kukosa nguvu za kunyanyua ndoo.

"Nalitaka nimuone mwanangu," akasema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia mji umejaa watu, kwa nini mimi. Aliigeuza kanda mkononi, kisha akanijibu bila kunitazama.

"Kwa sababu wewe huna mtu wa kuja kuuliza."

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, nami nilikuwa nikilitumia neno hilo ovyo kabla ya siku ile. Masudi alinila, kweli, lakini simba akila ng'ombe humlaani simba tu? Aliyefungua zizi alikuwa ni yule aliyeninywesha uji. Alihesabu ndugu zangu akaona hawapo, akaona nafaa. Upweke wangu, niliomwambia yeye peke yake, ndio aliouuza. Nilimtemea mate mlangoni nikaondoka, na hilo ndilo pigo pekee nililokuwa na nguvu nalo.

Posa ilivunjika. Sitawalaumu wakwe. Rukia alikuja kunitazama chumbani pamoja na mamake, akasimama mlangoni, akafunika mdomo kwa buibui. Alikuja na maneno yake ya utani, niliyaona yamefika midomoni, lakini hakuyasema. Baadaye aliolewa Malindi.

Masudi alinijia mara nyingine, akaniuliza nimempata nani. Nami nilikuwa na mtu, usidhani sikuwa naye. Mvulana wa kazi, sema kijana, aliyekuwa akibeba mizigo pale sokoni, hana baba hana mama, akiniita mzee na kunivusha barabara. Angekubali siku hiyohiyo. Usiku ule nililia sana, kwa sababu nilimwelewa Hamadi, na sikutaka kumwelewa. Kulipokucha nilimwambia Masudi sina mtu. Akaniambia basi atanimaliza mwenyewe, akaaga kwa heshima zote.

Lakini hakunimaliza. Baada ya mvua za masika uchovu ulikatika siku moja, ghafla, nikaamka nina njaa. Jino halikutoka tena. Masudi hakuonekana tena Mji wa Kale, na nilijua maana yake: amepata ndugu mwingine mahali, na kuna mtu aliyemshikia upanga. Sikumleta mimi, lakini afya yangu ya siku ile ililipiwa na mtu nisiyemjua. Humwombea. Jina lake silijui, basi humwombea hivyohivyo.

Leo nimekaa kwenye mwili wa mtu wa miaka tisini. Brashi sizishiki, mkono unatetemeka. Vijana hunipisha, hunibebea vitu, hunitaka niwasimulie habari za Waingereza, nami Waingereza sikuwakuta. Hamadi yupo. Video ilikufa zamani, sasa ana duka la simu, na mwanawe yule aliyemtaka amuone amekuwa mwanamume mwenye ndevu. Tunasali msikiti mmoja. Juzi tulikutana kwenye uchochoro mwembamba, hapakuwa na pa kupishana, naye alikuwa na mwanawe na wageni wawili. Angeweza kuinamisha macho. Lakini watu walikuwa wakitazama, na mtu wa Mombasa hampiti mzee vivi hivi. Akaweka mkono kifuani, mtu wa hirimu yangu, tuliyevaa naye kanzu moja, akasema, "Shikamoo, mzee."

Na mimi, mbele ya mwanawe, nikamwitikia marahaba. Ningefanyaje? Nilisimama hapo nimeshika ukuta mpaka walipopotea kwenye kona, na moyo ulikuwa ukiniuma kuliko kifua siku ya kuchanjwa.

Basi wewe unayenisikiliza, sikwambii usiwe na marafiki. Ila mtu mzuri akikujia na mkono wazi, akataka awe ndugu yako, usione haya kama nilivyoona mimi. Muulize yeye ni wa nani. Kisha umuulize nduguye wa kwanza yuko wapi, na usile kitu mpaka akupeleke ukamwone.