Kiu ya Mke Wangu

Kwenye joto na ukame wa Kakuma kila mtu ana kiu, ndiyo maana sikushtuka mke wangu alipoanza kunywa maji kutushinda sote. Nilichoona mimi ni jerikeni tupu. Siku moja nikamkaripia mbele ya watoto: "Maji ya siku nzima unayamaliza saa nne asubuhi!" Aliweka kikombe chini, akatoka kwenda haja ndogo, mara ya tano tangu aamke.

Kwenye zahanati walisema mkojo una maambukizi, wakampa vidonge. Baadaye wakasema ni malaria. Akazidi kukonda, hata gauni lake la kanisani likawa linamteleza mabegani. Nikampeleka hospitali Lodwar. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akachovya kijikaratasi kwenye mkojo wake, nacho kikabadilika rangi.

"Mama, huu ni ugonjwa wa kisukari," alisema. "Utajidunga sindano kila siku, na dawa yenyewe inataka baridi. Nyumbani mna friji?"

Mke wangu alinitazama. Hatukuwa hata na umeme. Nilitaka kumwomba radhi pale pale, lakini nikaishia kumwuliza daktari njia nyingine ya kuipoza dawa.

Tulihifadhi dawa kwenye chungu chenye mchanga uliolowa. Joto likaishinda, dawa ikapoteza nguvu. Alijidunga bila kukosa siku hata moja, na bado kiu ikarudi, kisha kutapika. Asubuhi alipopoteza fahamu, nilikimbilia barabarani kutafuta gari la Lodwar. Alifariki kabla sijalipata.