Jani Halina Aibu

Juzi kwenye grupu letu la simu la wakulima wa bustani, mtu alituma picha ya jani la nyanya lililojikunja. Chai yangu haijapoa, watu wanne walishamjibu. Nikacheka peke yangu. Usidhani mambo haya yameanza na simu, rafiki yangu. Sisi wa bondeni Gongo la Mboto tulikuwa na grupu letu zamani, likikutana kisimani.

Enzi hizo nikiwa mtoto, tarumbeta ya kambi ya jeshi ya jirani ilipolia alfajiri, mimi nilikuwa tayari na keni mkononi, namwagilia matuta ya bibi, miguu tope tupu, mawazo yote kwenye muhogo wa kuchemsha ulioningoja nyumbani. Wanawake wa bondeni walikuwa na desturi: mwenye mmea mgonjwa huja na jani lake kisimani, likapita mkono kwa mkono, kila mmoja akasema alijualo. "Jani halina aibu," walisema.

Bibi yangu aibu alikuwa nayo, tena tele. Mchicha wake ulitokana na mbegu aliyoifunga kwenye pindo la kanga alipohama kutoka Lindi. Ukiupika kwa nazi, sufuria ya ugali haitoshi. Alijivuna nao kweli kweli. Basi majani yalipotoka vipele vyeupe upande wa chini, akanyamaza. Akawa anayachuma na kuyafukia palepale kwenye tuta, na mimi akanikataza kusema. Niliogopa sana, maana mbegu yote aliyokuwa nayo ilikuwa ardhini.

Haikupita muda, matuta yote yakaugua. Jirani yetu, mama wa Kizaramo asiyejua kupunguza sauti, alipita, akageuza jani moja, kisha akafukua udongo kwa kidole.

"Shoga, ugonjwa umeuzika shambani? Si umeupanda huo!"

Bibi akakaa chini akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Jirani aliita wenzake, wakang'oa kila shina na kuchoma. Halafu akaenda kwake, akarudi na kopo la mbegu. "Si ya kwako hii? Ulinipa mwaka ule nilipojifungua." Ilikuwa ileile ya Lindi. Nusu ya bonde walikuwa nayo. Tangu hapo bibi akawa wa kwanza kisimani, hata kwa jani lililodonolewa na kuku.

Sasa bonde limejaa nyumba, kisima kimefukiwa, na wanawake wale wametangulia mbele ya haki. Nawakumbuka mno. Grupu la simu silibezi, ila humo mtu huonyesha anachotaka kuonyesha. Kwa hiyo Jumamosi napita bustani za wenzangu bila kualikwa, nageuza majani yao mimi mwenyewe. Wanaonuna na wanune.