Mimi Ndiye Niliyemwambia Avute Kidogo Isizime

Admin, jina langu libaki kwako, maana huku nilikoolewa wananijua hata kwa mwandiko. Nina miaka 38, niko Tarime, ni mwalimu wa baiolojia sekondari moja upande wa Sirari. Nina hasira, na hasira yenyewe sijui nimshushie nani.

Shuleni mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha. Kila muhula nasimama paredi nawaeleza watoto sigara inavyoharibu mapafu, na hizi za umeme wanazoita vepu, zinanukia matunda kumbe ndani ni nikotini ile ile. Nimechora mapafu ubaoni mpaka chaki zimeisha. Wiki mbili zilizopita tukafanya upekuzi wa mabegi. Vepu ya kwanza kupatikana ilitoka kwenye begi la binti yangu! Nimwite Bhoke, ana miaka kumi na minne. Jamani, ile harufu ya stroberi nilikuwa naisikia nyumbani kila siku, nikamsifia eti siku hizi anapaka mafuta mazuri. Mwalimu mzima mimi!

Nikamkalisha ofisini, nikamuuliza nani kakufundisha. Nilitegemea ataje marafiki zake wanaovuka mpaka kwenda Isebania, upande wa Kenya. Akanijibu, "Vepu nimeanza mwaka huu. Moshi nilianza darasa la pili, mama. Sigara ya babu."

Niwaeleze msiojua mila zetu. Kwetu Wakurya mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Nyumba yake siingii, usoni simwangalii, neno langu kwake linapita kwa mtoto. Na mzee huyu kiberiti hataki kabisa, anasema moto wa sigara yake lazima utoke jiko la mwanawe. Kwa hiyo mjukuu anatumwa na sigara, anakuja kuiwasha kwenye kaa jikoni kwangu, anamrudishia ikiwaka. Sasa sigara haiwaki bila mtu kuvuta. Mimi kuweka mdomo kwenye sigara ya baba mkwe ni mwiko. Nani alikuwa anavuta?

Bhoke akaniambia, "Mama, si wewe ulikuwa unasema vuta kidogo isizime njiani, babu asije akasema jiko lako limepoa?"

Nilisema. Miaka yote hiyo nilisema, kwa kuogopa kuitwa mke mvivu, na kesho yake asubuhi niko paredi nawafundisha watoto wa watu.

Mume wangu nilipomweleza akacheka. "Hata mimi nilimwashia mzee tangu nachunga ndama. Nimekufa?" Mtu anayekohoa kila alfajiri mpaka mbwa wanabweka ndiye ananiuliza kama amekufa! Bhoke amesimamishwa shule, yuko ndani hana raha, anagombana na kila mtu, mikono kila saa inatafuta kitu cha kushika. Baba yake anasema ni utoto tu.

Jana mdogo wake, ana miaka sita, akaingia jikoni na sigara mkononi. Nikampokonya, nikaitupa yote motoni. Mtoto akarudi kwa babu mikono mitupu. Tangu hapo mzee hajagusa chakula changu. Mume anataka niwatume shangazi zake wakaniombee radhi. Nikiomba radhi, maana yake sigara inaletwa tena na mimi nanyamaza. Nisipoomba, anasema nifungashe nirudi kwetu Serengeti, na watoto wabaki hapa hapa. Wabaki na nani? Na babu yao.

Mliosoma na mnaojua mila, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Hivi ninavyoandika namsikia mzee anaita kutoka kwake, "Mjukuu wangu, njoo uniwashie!" Huyu mdogo ameshasimama mlangoni, ananiangalia mimi. Nimwambie nini?