Rafiki wa Mama Mchungaji

Mimi nasugua watu nongo. Ndiyo kazi yangu, katika bafu la umma la wanawake karibu na soko la samaki hapa mjini Gunsan, na sioni haya kuitaja. Watu hujilowesha kwenye maji ya moto mpaka ngozi ilainike, kisha hulala kifudifudi kwenye kitanda changu, nami nawasugua. Asiyenitaka mimi husuguliwa na mwenzake: mama na binti, ndugu na ndugu, rafiki na rafiki.

Hye-sun alikuja peke yake miezi mingi, Alhamisi asubuhi, wakati bafu halina watu. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole mpaka anachosha. Ukimmwagia maji kwa bahati mbaya, yeye ndiye anayekuomba radhi. Sikumjua ni nani. Humu ndani kila mtu yuko kama alivyozaliwa, hakuna cheo, na nadhani hicho ndicho alichokifuata, maana alipanda basi kutoka upande wa pili wa mji, na mtaani kwao kuna bafu zuri kuliko hili letu.

Siku moja Keum-ja, muuza dagaa sokoni, akamkuta anahangaika na kitambaa chake. Keum-ja hana simile.

"We, geuka huku. Unajikuna kama mbuzi aliyefungwa."

Akamsugua mgongo mzima, kwa nguvu hasa, kisha akamgeuzia wa kwake. "Haya, zamu yako. Usinibembeleze, sugua."

Basi ikawa hivyo kila Alhamisi. Wakimaliza wanajifungia kwenye chumba cha mvuke, wanamenya mayai ya kuchemsha na kucheka mpaka nawagongea mlango. Yule mpole alikuwa na kicheko cha ajabu, cha kukwama puani. Nilikipenda.

Halafu mwezi wa nne akaja macho yamevimba. Walikaa kwenye bwawa la maji ya moto, mimi naosha mabeseni pembeni, na masikio sikuyaziba.

"Dada," akasema, "kuna jambo nimekuficha. Mume wangu ni mchungaji."

Keum-ja akasogea mbali naye. Lazima niwaambie kwa nini. Mwanawe wa pekee alichukuliwa na watu wa kikundi fulani cha dini. Walianza kwa urafiki tu, kumnywesha kahawa, kumsaidia masomo, mwaka mzima hawakumtaja Mungu. Walipomtaja, kijana hakuwa tena na rafiki mwingine duniani. Sasa anaishi nao na simu ya mama yake hapokei. Kanisa la mume wa Hye-sun halihusiani nao hata kidogo, lakini mama aliyepokonywa mtoto, hiyo tofauti itamsaidia nini?

"Kwa hiyo na mimi ulikuwa unaninasa," Keum-ja akasema.

"Hapana, dada. Kanisani siruhusiwi kuwa na rafiki. Nikicheka na mmoja, mwingine ananuna. Na nikimzoea mtu wa nje, naulizwa nitamleta lini. Sasa Jumapili ya Kuleta Rafiki inakuja, na mume wangu ametangaza mimbarini kwamba nyumba yake ndiyo itakayotangulia kuleta mtu. Nikikualika, utaniona kama wale wa mwanao. Nisipokualika, namwaibisha mume wangu. Na Yesu nampenda, dada. Simwonei aibu. Ila wewe sikukutafuta kwa ajili ya mtu yeyote. Nilikutafuta kwa ajili yangu."

Akalia. Keum-ja alimwacha alie, kisha akasema polepole, "Wewe nimekuamini. Lakini sikiliza. Siku mmoja wa hao wanawake wa kanisani kwenu akinijia na tabasamu lake, mimi na wewe basi. Nitajua nilikuwa dagaa wavuni."

"Hawatakujia."

"Haya. Geuka nikusugue."

Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumapili hiyo, Keum-ja alifika mapema akaingia kwenye chumba cha mvuke kumngoja mwenzake. Hye-sun naye akaja. Na nyuma yake, wanawake watatu.

Nisiwasingizie, hawakuwa watu wabaya. Mkubwa wao, shemasi Ok-bun, alinisalimia kwa heshima na kunipa yai la moto. Alikuwa na mfuko wa nailoni umejaa vijikaratasi vya mwaliko, kaufunga vizuri visilowe.

"Tusamehe kukufuata ndani ya basi, Mama Mchungaji," akasema. "Tulisikia una safari yako ya kila Alhamisi. Tukasema, kumbe mama anaifanya kazi ya Bwana kimya kimya! Yuko wapi huyo rafiki? Tukusaidie kumvuta."

Hye-sun alikuwa amekwisha kusogea. Alisimama ameegemeza mgongo kwenye mlango wa chumba cha mvuke, kaziba kidirisha chake cha kioo.

"Tuingie humo basi, tupate joto," akasema Ok-bun.

"Pamefungwa," akasema Hye-sun, akanitazama mimi.

"Bomba limeharibika," nikadakia. "Nangoja fundi." Mle ndani mvuke unafoka, na Keum-ja yumo tangu alipofika.

"Na rafiki je?"

"Sina rafiki."

Neno hilo alilisema kwa sauti, ili mambo yaishe. Mlango ule ni ubao mwembamba. Nilijua nani amelisikia.

Ok-bun akamtazama, macho yakamjaa machozi, akamkumbatia vilevile alivyo, majimaji. "Maskini mama yetu. Kumbe unakuja huku peke yako, huna hata wa kukusugua mgongo, na sisi hatujui. Kosa ni letu. Kuanzia leo hutakuja peke yako tena."

Wakamshika mikono, mmoja huku mmoja huku, wakampeleka kwenye vigoda vya ukutani, mbele ya vioo, wakaanza kumsugua wakiimba wimbo wa kanisani. Mimi nikaenda kufungua mlango.

Keum-ja alitoka amekuwa mwekundu kwa joto, anashikilia ukuta. Nikamshika. Akapita nyuma yao, na katika kioo Hye-sun akamwona. Walitazamana hivyo, kiooni, Ok-bun naye anasugua huku machozi yanamtoka. Keum-ja alisimama kidogo. Akachukua taulo lake akaenda kuvaa.

Nikamfuata. "Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Alikuwa anakulinda."

"Najua, dada Mal-sun. Mimi si mjinga." Akafunga kamba za viatu taratibu. "Nikirudi Alhamisi, watatuona pamoja. Wakituona, watajua alisema uongo. Watamfanyaje?"

Ok-bun ni mtu wa kutimiza ahadi. Hadi leo wanamleta kila Alhamisi, wanamsugua kwa zamu, mikono laini, maneno mazuri. Hye-sun anawashukuru. Kile kicheko cha puani sijakisikia tena.

Keum-ja huja Jumanne. Huoga, hukaa kwenye maji, huondoka. Juzi nikamwambia alale kitandani nimsugue mgongo, bure kabisa, maana umejaa nongo unatia aibu.

"Uache mgongo huu," akasema. "Una mwenyewe."